Biblia ya Kiingereza, mimi nimetulia kwa ESV (English Standard Version)

Jamani hili suala la kuchagua tafsiri ya Kiingereza limenisumbua miaka. Nilianza na King James, ile ya 1611, maana ndo tuliyoikuta nyumbani, ya marehemu babu, jalada jeusi na kurasa za Zaburi zimeanza kumeguka pembeni. Naipenda sana ila Kiingereza chake cha zamani kinapoteza. Zaburi 23 inasema "I shall not want", nikawa naelewa sitataka, kumbe enzi hizo want ni kupungukiwa, na Union Version yetu ya Kiswahili ya 1952 ilishaliweka wazi kabisa, "Sitapungukiwa na kitu".

Iliyoniuma zaidi ni 1 Wathesalonike 4:15. Tumetoka kuzika, usiku nimekaa kitandani nasoma nipate faraja, nakutana na "shall not prevent them which are asleep", nikabaki najiuliza, kwani nani anataka kuwazuia? Nikafungua ya Kiswahili, "hatutawatangulia", kumbe prevent ya enzi hizo ni kutangulia. Nililia. Yaani wapendwa wetu hawaachwi nyuma, na mimi hilo neno lilikuwa linanipita tu.

Basi nikajaribu NIV (New International Version), nyepesi, nzuri kusomea watoto, lakini nikiiweka sambamba na Kiswahili mstari kwa mstari naona inalegeza baadhi ya maneno. ESV, ya 2001, inashika neno karibu zaidi na bado naelewa, pale wameandika "precede". Hiyo ndo naenda nayo kanisani sasa.

Zaburi lakini bado nazisoma kwenye ile ya babu. Nyie mnatumia ipi?