Nilivyochagua Printa ya Picha Toleo la Zamani Lilipokuwa Likishushwa Bei

Karibu kila niliyemwomba ushauri alinijibu vilevile: toleo jipya likitoka, nunua la zamani, kwa kuwa bei hushuka na picha ni zilezile. Niliufuata ushauri huo bila kuhoji, ukanipotezea printa nzima pamoja na wino wake, na hadi leo nakereka ninaposikia mtu akimpa mwenzake maneno hayohayo.

Printa ile ya kwanza ilikuwa ya toleo la zamani, imetumika kidogo na niliipata kwa chini ya nusu ya bei yake ilipokuwa mpya. Muuzaji aliisifu kwamba ilikaa kabatini miezi mingi bila kuguswa, nami nikaona nimepata bahati. Sikujua kwamba printa ya wino wa pigmenti haistahimili kukaa bure, kwani rangi yake ni chembe ndogo zinazoelea ndani ya kimiminika, na kimiminika kikikauka chembe hizo huganda katika matundu ya kichwa cha kuchapia, ambayo ni membamba kuliko unywele. Nilipotoa karatasi ya kukagua matundu, vijistari vya samawati vilikuwa vimekatikakatika kama ngazi iliyong'olewa vipago, na vya magenta nyepesi, yaani waridi hafifu, havikuonekana kabisa.

Niliamuru printa ijisafishe mara sita mfululizo. Hilo ndilo kosa lililoniuma zaidi, kwa sababu usafishaji ule huvuta wino wa rangi zote, hata zisizo na tatizo, na katriji, yaani vikasha vya wino, zilizokuwa nusu zikaanza kutoa onyo la kuisha kabla sijachapisha picha hata moja. Ndipo nilipoacha kubonyeza na kufikiri. Niliiwasha printa, na kichwa kilipokuwa katikati ya njia yake nikachomoa waya wa umeme, ili kisirudi kujifungia pembeni. Nilikunja karatasi laini isiyochambuka, nikailowesha maji yaliyokenekwa yenye uvuguvugu, nikaitandaza kwenye njia, kisha nikakisogeza kichwa polepole kwa kidole mpaka kikaikalia. Kilikaa hivyo usiku kucha. Asubuhi karatasi ilikuwa na michirizi ya samawati na waridi iliyonyooka kana kwamba imepigwa rula, na nilipokagua tena, samawati ilikuwa imetimia na magenta nyepesi imebakiza mapengo mawili tu. Nilifurahi sana, na mbinu hiyo naipendekeza kwa yeyote kabla hajamaliza wino wake kwa kusafisha. Hata hivyo, baada ya wiki chache matundu yaliziba tena, na safari hii hayakuzibuka.

Mara ya pili sikuanza na bei. Niliweka mbele yangu Epson P600, ya mwaka 2015, iliyokuwa ikiuzwa kwa punguzo kubwa, na P700, iliyotoka mwaka 2020 kuchukua nafasi yake. Zote mbili hupokea karatasi ya A3+, yaani milimita 329 kwa 483. Niliambiwa kwamba mpya ina katriji kubwa zaidi. Nikasoma mwenyewe na kukuta ya zamani ina mililita 25.9 kwa kila rangi na mpya ina 25. Tofauti iliyonihusu ilikuwa katika wino mweusi. Karatasi ya kung'aa huhitaji aina moja ya wino mweusi na karatasi isiyong'aa huhitaji nyingine. Katika P600 aina hizo mbili hupita katika matundu yaleyale, kwa hiyo kila unapobadilisha aina ya karatasi wino fulani hutumika kusafisha njia, ilhali katika P700 kila mmoja una matundu yake. Mimi huchapisha kwenye karatasi za aina zote mbili, mara nyingi siku hiyohiyo. Kama ningekuwa wa karatasi ya kung'aa peke yake, ningechukua P600 na kuitumia bakaa ya fedha kununulia wino.

Rafiki mmoja alinisihi nichukue Canon PRO-200, ambayo rangi ya wino wake imeyeyuka kabisa ndani ya kimiminika, bila chembe, na hupendeza mno kwenye karatasi ya kung'aa. Nilikataa kwa kuwa picha zangu hutundikwa ukutani penye mwanga, na wino wa namna hiyo kwa kawaida hupauka mapema kuliko wa pigmenti.

Kabla ya kulipa nilimpa muuzaji picha yangu mwenyewe, ya bibi yangu akiwa amevaa gauni jeusi, nikamwomba aichapishe kwa P600 na kwa P700. Picha za maonyesho za dukani hujaa maua na machweo, na karibu printa yoyote huyamudu. Nilizipeleka nakala dirishani, kisha chini ya taa, nikiziinamisha huku na huku. Mikunjo ya gauni ilihesabika katika zote mbili, lakini weusi wa nakala ya P700 kwenye karatasi ya kung'aa ulikuwa na kina zaidi.

Nilinunua P700 pamoja na katriji za akiba, kwa kuwa sehemu ya wino wa mwanzo huishia kujaza mirija ya ndani, na kila wiki huchapisha walau picha moja ndogo yenye rangi zote. Jioni ya kwanza nilimchapisha bibi kwenye karatasi isiyong'aa, nikabadilisha karatasi, nikamchapisha tena kwenye ya kung'aa, na printa haikusimama kusafisha chochote.