David Silva, kiungo aliyetoka kisiwani

Juzi jioni, tulipokuwa tumekaa barazani hapa Wete baada ya sala ya alasiri, mtoto wa ndugu yangu aliniuliza: "Ami, huyo David Silva alifunga mabao mangapi hata mkamsifu hivi?" Nilimjibu kwamba Manchester City aliifungia mabao 77 katika mechi 436, lakini jibu langu mwenyewe halikuniridhisha, kwani kumpima kiungo yule kwa mabao ni sawa na kumpima nahodha wa jahazi kwa magunia ya karafuu aliyoyabeba mgongoni.

Silva alizaliwa tarehe 8 Januari 1986 huko Arguineguín, kijiji cha wavuvi katika kisiwa cha Gran Canaria, ambacho ni sehemu ya Hispania ingawa kiko jirani na pwani ya Afrika. Alipofika umri wa miaka 14 aliondoka kisiwani kwenda kulelewa kisoka Valencia, na sisi tuliozaliwa Pemba tunaijua vyema safari ya mtoto anayevuka bahari kufuata riziki ambayo bado hana hakika nayo. Valencia ilimtoa kwa mkopo Eibar, iliyokuwa daraja la pili, kisha Celta Vigo, na naamini kwamba msimu ule wa Eibar, wa kukabwa na mabeki waliomzidi kimo na nguvu, ndio uliomfundisha kuuachia mpira kabla hajafikiwa.

Mwaka 2010 ulikuwa wa neema na wa mtihani kwake. Alianza mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia, Hispania ikafungwa na Uswisi bao 1-0, na tangu hapo akawekwa benchi, akaingia kwa dakika chache tu katika nusu fainali dhidi ya Ujerumani. Alirudi nyumbani bingwa wa dunia aliyeitazama fainali akiwa nje ya uwanja. Miaka miwili baadaye, katika fainali ya Ulaya mjini Kyiv, yeye ndiye aliyefungua mlango kwa kichwa dakika ya 14, Hispania ikaishinda Italia 4-0.

Hata hivyo, nikitakiwa kuchagua jambo moja, nitachagua tarehe 23 Oktoba 2011, City ilipoifunga Manchester United mabao 6-1 Old Trafford. Silva alifunga bao la tano, lakini lililobaki machoni mwangu ni la sita: mpira ulimjia karibu na katikati ya uwanja, naye hakuutuliza, akaupiga papo hapo kwa mguu wa kushoto, ukapita nyuma ya mabeki hadi kwa Edin Džeko aliyekuwa akikimbilia lango. Msimu huohuo, tarehe 13 Mei 2012, watu wote walilikumbuka bao la Agüero la dakika za mwisho, lililoipa City ubingwa wa ligi, wakasahau kwamba lile la kusawazisha la Džeko lilitokana na kona ya Silva.

Alikaa City miaka kumi na kutwaa ubingwa wa ligi mara nne. Msimu wa 2017/18 mwanawe alizaliwa kabla ya wakati, akawa anasafiri baina ya Hispania na Uingereza na bado anacheza. Mtoto, kwa rehema za Mungu, alipona. Baadaye Silva alichezea Real Sociedad ya Hispania, akatwaa nayo Kombe la Mfalme, mpaka Julai 2023 alipoumia kano ya goti mazoezini na kutundika daluga akiwa na miaka 37.

Nilipomaliza kumweleza kijana hayo, nilimtafutia kwenye simu pasi ile ya Old Trafford, nikamtaka asiufuate mpira kwa macho, bali amwangalie Silva kabla haujamfikia. Aliitazama mara tatu, kisha akaniomba nimrudishie tena tangu mwanzo.