Gari la taka halipandi huku

Mvua za Novemba zikishashika, gari la taka halipandi tena huku kwetu, miteremkoni chini ya Mlima Loleza, Mbeya. Dereva analisimamisha kwenye lami, anapiga honi, na mwenye mbio ndiye anayewahi. Simlaumu. Barabara yetu ikinyeshewa hata bodaboda wanaikataa. Ushuru wa taka ndio haujui tope wala vumbi.

Tukajikuta tunatenganisha taka, si kwa semina ya mtu, ila kwa kuwa kiroba kikilala uani muda mrefu kinanuka na mbwa wanakichana. Na ukichunguza, kinachonuka ni kitu kimoja tu: vya jikoni. Maganda ya viazi na ndizi, ukoko wa ugali, makapi ya chai. Vitoe hivyo, kiroba kinabaki chepesi, kikavu, kinaweza kungoja gari hata mwezi mzima. Mtu akiniuliza aanzie wapi namwambia atafute ndoo ya maganda, mengine yatajipanga.

Maganda yenyewe yana mwenyewe. Bibi mmoja hapa chini anafuga nguruwe, na jioni mjukuu wake anapita kuchukua. Siku ya kwanza nilipomwamkia bibi mwenyewe na kumkabidhi ndoo, aliingiza mkono mpaka chini, akapekua. "Marahaba. Sasa mwanangu, nailoni ikiingia tumboni mwa nguruwe wangu, utamlipa wewe." Mabaki ya kitimoto pia hayataki, na ana haki: homa ya nguruwe husambaa hivyo hivyo, na haina dawa. Tangu hapo watoto wangu wanaichambua ile ndoo kama mchele wa sikukuu. Bwana afya hajawahi kuogopwa hivyo nyumbani kwetu.

Anachokataa bibi kinaenda kwenye mboji, nyuma ya mparachichi. Hapo nimejifunza kuwa maelekezo ya watu wa Dar hayatufai. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai lundo dogo linapoa tu, haliozi. Linataka liwe kubwa, lichanganywe na majani makavu na samadi kidogo, lifunikwe salfeti. Hapo ukilifukua asubuhi ya baridi unakuta linafuka mvuke.

Chupa za plastiki wala hazifiki kwa vijana wanaoziuza kwa kilo. Mama wa maziwa anazitaka, wauza mafuta ya alizeti Mwanjelwa wanazitaka. Ile ya lita moja na nusu inazunguka mji mzima kabla haijaitwa taka. Sufuria zilizotoboka na mabati ni za mtu wa vyuma chakavu, na mizani yake ambayo siku zote inasoma kidogo. Za kioo, za soda na bia, zinarudi dukani na kreti, maana chupa yenyewe umeiwekea pesa. Sijawahi kuona chupa tupu ya soda ya kioo ikielea mtaroni kwetu.

Kinachonitesa ni kile kisicho na mwenyewe. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na kweli mitaro ilipumua. Lakini vifuko vya sabuni ya unga na biskuti vipo, na pampasi ndizo usiseme. Hakuna anayezipima kwa kilo. Wengi wanachoma jioni, na msimu wa baridi hewa nzito inakaa chini bondeni, moshi nao unakaa nayo, mtoto anakohoa mpaka asubuhi. Wengine wanasubiri mvua kubwa watupe korongoni, maji yapeleke kwa wanaolima mboga huko chini. Mboga hizo hizo tunazinunua.

Kwenye mkutano wa mtaa nilisimama nikasema: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeziachia serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, lakini hakuna sheria itakayolipandisha gari hili masika. Basi tuwekewe kontena kwenye lami. Kiroba kikavu hata mtoto anakishusha. Mwenyekiti akaandika. Mzee mmoja akauliza, "Mama, na watu wa mtaa wa pili wakija kulijaza usiku, nani atalilinda?" Watu wakacheka, ajenda ikahamia kwenye ulinzi shirikishi, na sioni kama alikuwa anatania.

Kwa sasa kuna jamaa mwenye kirikuu anayeleta mchanga huku na kurudi mtupu. Nyumba chache tumekubaliana tumchangie, abebe pampasi na nailoni zetu mpaka ghuba la taka kule mjini. Ametaja elfu kumi. Kesho nakwenda kumwomba apunguze.