Nondo shungi wa Kanada kwa watoto wa Moshi

Anza na kiwavi, usianze na nondo. Nondo aliyekomaa ni kidudu cha rangi ya majivu, na mtoto akionyeshwa picha yake hageuki mara mbili. Mwonyeshe kiwavi: kichwa chekundu kama pilipili iliyoiva, vishungi vinne mgongoni vilivyokatwa sawasawa kama mswaki mpya, pembe mbili za nywele nyeusi mbele na nyingine moja nyuma. Hapo maswali yatakuja yenyewe.

Jina "nondo shungi" ni la kujibunia. Wataalamu wa wadudu huiita jamii hii Lymantriinae, na baadhi ya viwavi wenye manyoya ambao watoto wa hapa huwakimbia kwa jina la washawasha ni ndugu zake. Mtoto aliyewahi kuona kuku wa kishungi hahitaji maelezo zaidi kuhusu jina.

Wa kufundishia anaitwa Orgyia leucostigma, na anaishi mashariki mwa Kanada. Watoto wa miaka minane hadi kumi na miwili wanaweza kumfinyanga. Changanya unga wa ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1, na maji robo tatu ya kikombe, ukiyaongeza kidogo kidogo. Donge hilo linatosha viwavi watatu wa sentimita 20, unene wa vidole viwili. Kiwavi halisi ana sentimita tatu na ushei tu, na hilo waambiwe mapema, la sivyo watakwenda nyumbani wakiamini Kanada kuna viwavi wakubwa kama ndizi.

Tengeneza kichwa, kisha zungushia mwili uzi na kuubana ili upate pingili 13. Hesabuni kwa sauti, kwa sababu kila kitu kinakaa kwenye pingili yake. Pingili ya 1 hadi ya 3 zina miguu halisi, jozi moja kila pingili. Njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa zinatosha. Miguu laini, yaani vidonge vya donge, inakaa pingili ya 6 hadi ya 9, na jozi ya mwisho pingili ya 13. Kosa la kila mara ni mtoto kuweka miguu pingili zote. Huyo ni jongoo.

Vishungi vinne vinakaa pingili ya 4 hadi ya 7: kata nywele za mswaki wa zamani na uzichomeke zikiwa zimesimama. Pembe nyeusi ni nywele za rasta, kishada cha sentimita 5, viwili pingili ya 1 na kimoja pingili ya 11. Juu ya pingili ya 9 na ya 10 weka nukta nyekundu, moja kila pingili. Hizo ni tezi zinazotoa majimaji ya kujilinda, na watoto hupenda kuzisahau kwa kuwa ni ndogo. Chomeka kila kitu donge likiwa bichi; likishakauka linapasuka. Kuanika kunachukua siku mbili au tatu za jua. Mwezi wa saba, Moshi ikifunikwa na mawingu, chumvi hunyonya unyevu wa hewani na kiwavi anabaki akitoa jasho hadi aote ukungu, hivyo subirini jua au mtumie udongo wa mfinyanzi.

Msibadilishe mfano huo kwa washawasha hai kutoka kwenye mgomba au uani. Malaika zake, yaani vinyweleo, hukatika na kuingia kwenye ngozi, na kifukofuko chake, yaani ala anayojisukia ili ageuke nondo, nacho kinawasha, maana kiwavi husuka malaika zake humo humo. Ikitokea mtoto amemshika, asijikune. Bandika selotepu pale panapowasha, ibandue, rudia kwa kipande kipya mara kadhaa, ndipo uoshe kwa maji na sabuni. Zikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi safi na uende hospitali.

Mama wa Orgyia leucostigma ndiye anayewashangaza watoto zaidi. Hana mabawa ya kurukia, ana vipande vidogo tu. Anatoka kwenye kifukofuko, anabaki amekaa juu yake, anatoa harufu, na dume mwenye mabawa na vipapasio vyenye umbo la unyoya anaifuata hadi anamfikia. Hapo hapo juu ya kifukofuko mama anataga mayai, hata 300, anayafunika kwa povu linalokauka na kuwa gumu, kisha anakufa. Hajala hata siku moja tangu awe nondo. Mayai ndiyo yanayokaa baridi yote ya Kanada juu ya mti na kuanguliwa majani mapya yanapochipua. Basi watoto watauliza: kama mama haruki, wanafikaje mti wa pili? Wachanga hujining'iniza kwa uzi wa hariri na upepo huwachukua. Funga kipande cha pamba kama punje ya mtama kwenye uzi mwembamba wa kushonea, kiachie mbele ya dirisha lenye upepo, wataelewa. Pamba ikiwa kubwa kuliko hapo inaning'inia tu.

Yupo nondo shungi mwingine, na huyu ana haki ya somo lake peke yake. Gynaephora groenlandica anaishi kaskazini ya mbali ya Kanada, kwenye kisiwa cha Ellesmere, na Greenland. Kiwavi wake anakula hasa majani ya mti mfupi wa baridi uitwao Salix arctica, na msimu wake wa kula ni mfupi sana, karibu mwezi wa sita tu. Muda mwingi wa msimu huo anaota jua, akijipanga ili miale impige ubavuni. Kisha anajifunga kwenye hariri na kuganda hadi mwaka unaofuata. Kutoka yai hadi nondo ni miaka kama saba: anayeanguliwa mtoto akiingia darasa la kwanza anaota mabawa mtoto akimaliza la saba. Anavumilia baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri, ambayo hata Kibo, mita 5,895, haiijui.

Siri yake moja inauzwa duka la vipodozi: glisirini. Mwili wa kiwavi huyu huitengeneza wenyewe. Chukua chupa mbili ndogo za plastiki. Moja weka maji mililita 100, nyingine glisirini mililita 50 na maji mililita 50, utikise hadi mistari inayoelea ndani ipotee, kwani glisirini ni nzito na hukaa chini. Acha robo ya chupa wazi, barafu hutanuka. Weka kwenye friza halisi, ile inayogandisha barafu za ubuyu hadi zigonge meza, usiku mzima. Maji matupu yatakuwa jiwe. Mchanganyiko utamiminika kama asali. Ukiganda, sababu ni moja kati ya mbili: ulipunja glisirini, au ulinunua ile ya kupaka iliyokwisha kuchanganywa na maji ya waridi, kwa hiyo soma lebo. Umeme ukikatika usiku zote mbili zitakuwa maji na utarudia kesho.

Waambie pia kwamba chupa haifanani na kiwavi kwa kila kitu. Yeye anaganda kweli, ukimgusa ni mgumu. Glisirini inachofanya ni kupunguza barafu na kuzilinda seli zisiharibiwe nayo, ili jua la mwezi wa sita likirudi ayeyuke, anyooke, na aanze kutafuta jani.