Nilivyopata rangi nne kwenye gundi moja

Mimi nafundisha fizikia sekondari hapa Mbeya, na hizi plastiki zinazong'aa zilinikaa kichwani muda mrefu, yani unaimulika na mwanga wa zambarau yenyewe inakurudishia kijani au nyekundu. Maabara yetu haina rodamini ya chupa, ile rangi ya kemikali inayong'aa, ila wino wa hailaita, zile kalamu za kupakia rangi juu ya maandishi, una rangi za jamii hiyohiyo, basi nikapasua ya njano na ya pinki nikaloweka zile sifongo zake kwenye maji kidogo, gundi ya PVA ile ang'avu nikachukua sokoni Mwanjelwa, tochi ya kukagulia noti nikamuomba dada wakala, akasema "mwalimu chukua ila jioni nirudishie".

Nilichukua vifuniko vinne vya chupa, kila kimoja niliweka gundi mililita 5 na matone mawili ya njano, hayo sikuyagusa tena, nilichobadilisha ni pinki tu: sifuri, moja, mawili, manne.

Kukauka ndo kulinitesa jamani. Julai ya huku mnaijua ilivyo baridi, siku tatu gundi bado inanata. Nikazianika juani zikakauka vizuri lakini rangi zimepauka, jua linaivunja molekuli ya rangi yenyewe. Mwisho nikaziweka usiku kucha kwenye boksi la vifaranga lenye balbu, nimezifunika karatasi, asubuhi zinabanduka safi kabisa.

Kuzimulika gizani aisee nilishika kichwa! Kijani, njano, chungwa, nyekundu, na tochi ni ileile. Njano ndo inapokea mwanga wa tochi, halafu molekuli ya pinki ikiwa karibu, chini ya nanomita 10 hivi (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni), inapokea ile nishati hata kabla haijatoka kama mwanga, na zile za mbali zinameza kijani kikishatoka. Ukizidisha pinki, kijani kinaisha.

Nikajaribu matone kumi nikitegemea nyekundu kali, ikafifia. Molekuli zikibanana zinanyang'anyana nishati inaishia joto, kwahiyo usimwage tu wino.

Sasa hivi natafuta nyeupe. Bluu nimeipata kwenye maji ya sabuni ya unga niliyochuja, zile dawa za kung'arisha nguo zinawaka bluu, ila pinki ikizidi kidogo tu kila kitu kinageuka waridi, nimeanza kuichovya kwa ncha ya kijiti cha kiberiti badala ya tone na jana usiku ilikaribia sana.