Nilivyojifunza kutambua jenasi za vipepeo warukaji wa Nairobi kwa mishipa ya mabawa

Warukaji, yaani vipepeo wa familia ya Hesperiidae, wana zaidi ya spishi 3,500 duniani, na wengi wanaoonekana katika nyasi za Nairobi ni wadogo, wa rangi ya kahawia, wenye vidoa vyeupe vinavyofanana mno. Nilipopewa sanduku la vipepeo waliokaushwa ili niwapange kwa jenasi, yaani vikundi vya spishi zinazokaribiana, niliamua tangu mwanzo kwamba rangi ingekuwa shahidi wa mwisho kuulizwa.

Kumthibitisha mrukaji si kazi kubwa. Vipapasio vyake huanza vikiwa vimeachana sana kichwani, na rungu la ncha yake kwa kawaida limepinda kama ndoana. Alama ninayoiamini zaidi, hata hivyo, iko katika bawa la mbele: mishipa yote inayotoka kwenye seli, yaani ile nafasi kubwa iliyozungukwa na mishipa katikati ya bawa, hutoka mmoja mmoja na kufika ukingoni bila kugawanyika. Katika familia nyingine za vipepeo, baadhi ya mishipa huchipuka kutoka shina moja.

Magamba huificha mishipa hiyo. Nilikuwa nikidondosha spiriti upande wa chini wa bawa, na kwa muda mfupi, kabla haijakauka, bawa lilipenya mwanga na mishipa ikajitokeza chini ya hadubini. Pale ambapo hilo halikutosha, na kipepeo alikuwa na wenzake wa kutosha sandukuni, nilikata mabawa ya upande mmoja, nikayalowesha katika spiriti, nikayatia katika dawa ya kung'arisha nguo iliyozimuliwa hadi magamba yakapoteza rangi, kisha nikayasuuza na kuyalaza kwenye kioo. Upande wa pili unapaswa kubaki mzima, kwa maana vidoa navyo vina zamu yake.

Katika mfumo wa zamani wa tarakimu, ambao mtaalamu wa vipepeo Evans aliutumia alipoorodhesha warukaji wa Afrika mwaka 1937, mishipa huhesabiwa kutoka chini kwenda juu, na mshipa wa 5 ndio unaostahili kutazamwa kwanza. Kwa warukaji wa nyasi, yaani nusufamilia (kundi lililo kati ya familia na jenasi) ya Hesperiinae, mshipa huo kwa kawaida hujipinda kuelekea chini unapoanzia, hivyo chanzo chake kikawa karibu zaidi na mshipa wa 4 kuliko wa 6. Kwa jenasi ya Spialia, wale wadogo weusi wenye madoa meupe, hauna mpindo huo. Kwa jenasi ya Coeliades hata mshipa hauhitajiki sana: kipande cha tatu cha palpi, vile viungo viwili vilivyo mbele ya uso, ni kirefu na chembamba kama sindano, na kifua chao ni kinene kupita cha warukaji wengine wa hapa.

Jenasi iliyonipendeza kuliko zote ni Metisella. Viwavi wake hula nyasi, na kwa kumtazama juu juu ungemweka pamoja na Hesperiinae bila kusita. Lakini mshipa wake wa 5 haujapinda, rungu la kipapasio halina ndoana, na tumbo lake ni jembamba na refu. Sifa hizo tatu kwa pamoja humpeleka katika nusufamilia nyingine, Heteropterinae, na kwa maoni yangu hakuna mfano bora wa kumwonyesha mwanafunzi kwa nini muundo hutangulizwa.

Mishipa ina mipaka yake. Uchunguzi wa vinasaba wa miaka ya karibuni umeitoa jenasi ya Eagris katika nusufamilia ya Pyrginae na kuiweka katika ile ya Tagiadinae, jambo ambalo bawa pekee lisingenionyesha. Vilevile, dume la spishi Pelopidas mathias lina mstari wa magamba ya harufu juu ya bawa la mbele, ambao madume ya jenasi ya Borbo hawana. Majike hawana mstari huo kabisa. Kwa majike yaliyobaki na utata nilichemsha ncha ya tumbo katika potasi, dawa kali inayoyeyusha nyama laini, ili kuchunguza viungo vya uzazi, na yale ambayo bado hayakuamulika niliyaacha katika kiwango cha nusufamilia.

Kwenye kila lebo nimeandika, chini ya jina la jenasi, ni kiungo gani kilichoniongoza: mshipa, palpi, kipapasio au viungo vya uzazi, ili atakayelifungua sanduku baada yangu ajue pa kuanzia kunikagua.