4,294,967,297 na kigawo chake 641

Namba ninayoipenda kuliko zote ni 4,294,967,297, yaani 2³² + 1. Ina tarakimu kumi, kwa hiyo kikokotoo kidogo cha dukani hakiimudu. Nikiwapa vijana wangu wa kidato cha tatu, wanaifanya kwa kalamu na karatasi. Napenda iwe hivyo.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyefanya hisabati kwa mapenzi tu, alikuwa na mfuatano huu: 3, 5, 17, 257, 65,537. Kila moja ni 2 kwa kipeo fulani, ukaongeza 1, na vipeo ni 1, 2, 4, 8, 16. Zote tano ni namba tasa. Akaamini kwamba zinazofuata nazo ni tasa, bila kikomo. Ya sita ndiyo hii yangu.

Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kuwa ni 641 × 6,700,417. Basi, dai likaanguka.

Darasani swali huwa moja: hiyo 641 aliitoa wapi? Nalipenda sana swali hilo, maana hakuna haja ya kubahatisha. Euler mwenyewe alikuja kuthibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kikigawanywa kwa 64 kibakize 1. Namba tasa za namna hiyo, kuanzia chini, ni 193, 257, 449, 577, 641. Ni ya tano tu!

Lakini kuna njia nzuri zaidi, isiyotaka hata kugawanya. Andika 641 kwa sura mbili: 5 × 2⁷ + 1, na 5⁴ + 2⁴. Ile sura ya pili izidishe kwa 2²⁸, utapata 640⁴ + 2³², kwa sababu 5⁴ × 2²⁸ ni 640⁴. Hiyo inagawanyika kwa 641. Sasa, 640 imepungukiwa na 1 kufika 641, kwa hiyo 640⁴ ikigawanywa kwa 641 inabaki 1. Maana yake 640⁴ − 1 nayo inagawanyika. Toa hii kwenye ile. Kinachobaki ni 2³² + 1, na lazima nacho kigawanyike. Mwanafunzi akiufuata uthibitisho huu mpaka mwisho, kwangu ameshaonja hisabati yenyewe, hata kama mtihani hautauliza.

Baada ya 65,537 hakuna tasa nyingine ya Fermat inayojulikana mpaka leo. Ya kipeo cha 1,048,576, yenye tarakimu 315,653, imethibitishwa kuwa si tasa, ila hakuna aliyewahi kukipata hata kigawo chake kimoja. Vijana hukataa kabisa kwamba jambo hilo linawezekana, na kipindi kijacho tutaanzia hapo.